Kupata Maoni ya Kweli kutoka kwa Wagonjwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Kliniki za Kisumu na Majirani Zake

Ukurasa huu ni wa wenye kliniki, manesi wasimamizi na makarani wa mapokezi wa Kisumu, Siaya, Vihiga na Kakamega wanaotaka kujua wagonjwa wao wanafikiri nini hasa. Haya ndiyo maswali tunayokutana nayo tukizuru vituo. Majibu tumeyaandika tukifikiria kituo cha kawaida cha huku kwetu: vyumba vitatu au vinne, klinikal ofisa mmoja, manesi wawili, maabara ndogo na dirisha la dawa.

Kila tukiuliza, wagonjwa husema huduma ni nzuri. Mbona basi wengine hawarudi?

Kwa sababu mnawauliza wakiwa bado mikononi mwenu. Mama aliyemleta mtoto kutoka Nyalenda anajua homa inaweza kurudi, tena usiku wa manane, na mlango atakaoubisha ni huohuo wenu. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mgonjwa hahitaji kukumbushwa. Akiulizwa kama ameridhika na nesi yuleyule aliyemdunga sindano, atajibu, "Niko sawa, sista, Mungu awabariki," achukue kadi yake aende. Ukweli atausema ndani ya matatu ya Kondele, au jioni kwa jirani.

Heshima nayo ina nafasi yake. Wengi wetu tumelelewa kutomkosoa anayetuhudumia mbele ya macho yake, hasa akiwa msomi na umri wako ni mkubwa kuliko wake, maana unaona utamwaibisha. Wengine huwalinganisha ninyi na mahali pabaya zaidi. Aliyewahi kulazwa wawili kitanda kimoja atawasifu kwa kuwa tu mlimpa kiti cha kukalia.

Watafiti wa huduma za afya wanalijua hili, na si la Kenya peke yake: wagonjwa wakihojiwa mlangoni mwa kituo husifu zaidi kuliko wakihojiwa nyumbani kwao. Kwa hiyo fomu zikijaa sifa tupu, msishangilie kwanza. Angalieni nani aliuliza, aliulizia wapi, na mgonjwa angepoteza nini kwa kusema kweli. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na hilo la tatu.

Nani anafaa kuuliza?

Mtu ambaye mgonjwa hatamkuta tena ameshika sindano, faili au funguo za stoo ya dawa. Daktari asiulize, nesi asiulize, karani wa mapokezi asiulize. Mlinzi wa lango pia asiulize, ingawa vituo vingi humpa yeye fomu kwa kuwa anaonekana hana kazi nyingi. Mgonjwa anajua vizuri kwamba mlinzi ndiye anayefungua lango saa nane za usiku.

Njia inayotupendeza zaidi ni kliniki mbili jirani kubadilishana watu. Karani wenu anakwenda kwao asubuhi moja kwa mwezi, wao wanawaletea wa kwao. Hakuna gharama ila nauli. Mwanafunzi wa chuo aliyefundishwa vizuri anafaa pia, au mjumbe wa kamati ya kituo asiye na kazi yoyote ndani. Mhamasishaji wa afya ya jamii anajua watu na anaaminika, lakini hapo pana mtego: anaishi mtaa mmoja na huyo anayemhoji. Kwa mambo ya HIV, kifua kikuu au kupanga uzazi, msimtume jirani.

Anayeuliza asivae koti jeupe wala beji yenye jina la kliniki. Aanze hivi, au karibu na hivi:

"Habari yako, mama. Mimi sifanyi kazi hapa. Nauliza watu wachache jinsi mambo yalivyokwenda leo. Siandiki jina wala nambari ya simu. Ukikataa, hakuna kitakachoharibika. Ukikubali, daktari atasikia uliyoyasema, lakini hatajua ni wewe."

Kila sentensi hapo lazima iwe kweli. Kama fomu ina kisanduku cha nambari ya faili pembeni, mgonjwa atakiona, na mazungumzo yatakuwa yamekwisha kabla hayajaanza.

Tuulizie wapi, na saa ngapi?

Baada ya kuchukua dawa, si akiwa bado kwenye foleni. Anayengoja kuonwa hawezi kumkosoa anayemngoja. Tafuteni mahali ambapo mapokezi hawaoni wala hawasikii: chini ya mti nje ya lango, au chumba cha pembeni chenye mlango unaofungika. Kisha, mkiweza, pigieni wachache walioridhia kupigiwa baada ya siku nne au tano. Siku ya kwanza mtu anakumbuka foleni na lugha aliyozungumziwa. Baada ya siku kadhaa ndipo anajua kama dawa zilisaidia na kama maelezo aliyopewa yaliweza kufuatwa nyumbani.

Maswali gani yanaleta majibu ya maana?

Ondoeni kabisa "Je, umeridhika na huduma zetu?" Hilo hujibiwa kwa adabu tu. Vilevile ondoeni maswali yanayomwekea mtu jibu mdomoni, kama "Je, wafanyakazi wetu walikuheshimu?" Watu wengi hukubali chochote wanachoulizwa namna hiyo, hasa wakiwa wamechoka na mtoto analia mgongoni.

Ulizeni yaliyotokea. Mtu anaweza kusimulia kilichotokea bila kuhisi anamshtaki yeyote:

"Ulifika saa ngapi? Na uliingia kwa daktari saa ngapi?"

"Aliyekuona alikuambia unaugua nini?"

"Hebu nieleze utakavyokunywa hizi dawa."

"Ulipokuwa ukieleza shida yako, kuna mtu mwingine aliyeweza kukusikia?"

"Kuna pesa uliyolipa bila kupewa risiti?"

"Kuna jambo ulitaka kuuliza na hukupata nafasi?"

Swali la dawa lina faida mara mbili. Likijibiwa vibaya, mmejua kwamba dirisha la dawa halielezi, na mgonjwa anarudishwa aelezwe kabla hajaondoka na kumnywesha mtoto kipimo kisicho chake. Mpatieni anayeuliza ruhusa ya kufanya hivyo papo hapo. Hakuna takwimu inayostahili kumwacha mtu aende nyumbani na kosa kama hilo.

Swali la mwisho ndilo lenye mavuno mengi kuliko yote, lakini linahitaji subira. Ulize, kisha unyamaze. Usijaze kimya. Mtu atatazama chini, atapanga karatasi za dawa mkononi, halafu aseme kwamba alitaka kujua kama anaweza kunyonyesha akiwa kwenye dawa hizo, ila daktari alikuwa ameshaita mwingine.

Alama za 1 hadi 5 zitumieni kwa uangalifu. Tangu shule ya msingi, nambari 1 ni ya aliyeshinda. Mzee anayewapenda sana anaweza kuwapa 1 akidhani amewapa ya juu kabisa. Maneno ya kawaida hayana shida hiyo: "vizuri sana", "vizuri", "wastani", "vibaya", "vibaya sana". Picha za nyuso zinazocheka na zilizonuna husaidia wasiosoma, lakini hazielezi sababu.

Huko Uingereza, NHS, yaani huduma ya afya ya umma, ilianza mwaka 2013 kuwauliza wagonjwa kama wangependekeza wodi au kliniki kwa jamaa na marafiki. Mwaka 2020 swali lilibadilishwa, wakawa wanaulizwa tu huduma ilikuwaje kwa ujumla, pamoja na nafasi ya kueleza kwa maneno yao. Sisi tungeshauri mfuate hilo la pili. Mtu wa Kombewa ambaye kituo kingine kiko mbali hana cha kupendekeza. Atakuja kwenu apende asipende.

Sanduku la maoni tayari lipo mapokezini. Halitoshi?

Lipo mapokezini, na hapo ndipo tatizo linapoanza. Anayeandika anaonekana, na anayetumbukiza karatasi anaonekana zaidi. Wahamishieni wagonjwa sanduku hilo karibu na choo au kwenye ukumbi wa kutokea, mahali ambapo mtu anaweza kusimama peke yake kidogo bila kuulizwa anafanya nini. Wekeni karatasi na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Ufunguo ukae kwa mtu asiyelalamikiwa mara kwa mara, na lifunguliwe siku inayojulikana na watu wawili, mmoja wao akitoka kwenye kamati. Bandikeni siku hiyo juu ya sanduku. Kufuli lenye kutu linamwambia mgonjwa yote anayohitaji kujua.

Hata likiwekwa vizuri, sanduku linawapata wenye hasira na wenye shukrani nyingi. Walio katikati, ambao ndio wengi, hawaandiki. Na asiyejua kusoma hana sanduku kabisa.

Je, tutumie SMS au WhatsApp?

Inafaa, ikiwa mtakumbuka kwamba simu si ya mtu mmoja. Katika nyumba nyingi mke, mume na mtoto mkubwa hushika simu ileile. Ujumbe unaosema "Asante kwa kuja kliniki ya kupanga uzazi leo" unaweza kuvunja nyumba. Ujumbe usitaje huduma, usitaje dawa, usitaje matokeo. Mwombeni mtu ruhusa kabla ya kumtumia chochote, na mmuulize ni nani mwingine anayesoma ujumbe wake.

Pia, jibu lisimgharimu. Mtu asiye na kredo hatajibu, nanyi mtadhani hana la kusema. Kwa wenye kabambe, yaani simu ndogo isiyo ya intaneti, mazungumzo mafupi mnayopiga ninyi yanafaa zaidi kuliko fomu ya intaneti. WhatsApp ina uzuri wake: ujumbe wa sauti, kwa Dholuo au Kiluhya, unaotumwa jioni mtu akiwa ametulia. Lakini nambari yake mnaiona, kwa hiyo msiite hayo maoni ya siri.

Tuulize kwa lugha gani?

Ile mgonjwa anayotumia kueleza maumivu. Kisumu mjini Kiswahili kinatosha kwa wengi, lakini bibi aliyetoka Seme au Nyakach atasema mengi zaidi kwa Dholuo, na ukivuka kwenda Luanda au Mbale kuna Kinyore na Kimaragoli. Tafsirini maswali mapema na mkubaliane maneno. Anayehoji akitafsiri kichwani, kila mgonjwa ataulizwa swali lake. Mjukuu asitumiwe kuwa mkalimani wa bibi yake kwenye mambo ya faragha. Kwa viziwi, tafuteni mkalimani wa lugha ya ishara siku moja inayotangazwa kabla.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mtu haki ya kulalamika kuhusu alivyotendewa kituoni na lalamiko lake kuchunguzwa, na inataka utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali ambapo kila anayeingia anauona. Vituo vingi tunavyofika havijaubandika. Anzeni hapo, ni karatasi moja tu.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kliniki inayotibu watu inatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data hata ikiwa ndogo. Kwa kazi hii maana yake ni rahisi: msikusanye jina kama hamlihitaji, msiweke rekodi za sauti kwenye simu ya mtu binafsi, na mwelezeni mgonjwa maoni yake yatatumiwa kwa nini na yatafutwa lini. Mkitaka kuyachapisha kama utafiti, mtahitaji idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, kabla ya kuanza.

Tuwahoji watu wangapi?

Wachache waliochaguliwa vizuri wanashinda wengi waliochaguliwa na nesi. Chukueni kila mgonjwa wa tano au wa kumi anayetoka, awe amenuna au anacheka. Hakikisheni mna Jumatatu yenye msongamano, siku ya kliniki ya watoto, na usiku kama mnafungua usiku. Mkiwa na watu ishirini, msitoe asilimia. Someni walichosema, neno kwa neno.

Halafu watafuteni waliopotea: mama mjamzito aliyekuja mara moja tu, mwenye presha aliyeacha kuchukua dawa. Mpigieni, kwa upole, bila kumgombeza kwa kutorudi. Hawa hawana tena cha kuogopa kwenu, na ndio watakaowaambia mambo ambayo fomu zenu hazijawahi kuyabeba.

Mgonjwa hajasomea udaktari. Atajuaje kama tumemtibu vizuri?

Swali hili huulizwa na madaktari, na ni la haki. Chukua mfano unaotokea huku kila wiki. Mtoto ana joto, mama ana hakika ni malaria. Kipimo kinasema hapana. Tangu 2010, Shirika la Afya Duniani linashauri malaria ithibitishwe kwa kipimo kabla ya dawa, kwa hiyo klinikal ofisa anafanya sawa kumpa paracetamol na kumwambia arudi joto likizidi. Mama anatoka akiandika, "Hawakunisaidia, nimepewa panado tu." Kitabibu, alihudumiwa ipasavyo.

Wengi husoma lalamiko hilo na kulitupa. Msilitupe. Muulizeni mama alielezwa nini. Mara nyingi mtakuta aliambiwa "hana malaria" na mlango ukafunguliwa. Hakuonyeshwa kile kipimo chenye mstari mmoja, hakuambiwa kwamba homa huletwa na vitu vingi, wala dalili za hatari za kumrudisha mtoto mbio: akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akilegea. Akitoka hapo anakwenda duka la dawa Kibuye kununua dawa za malaria kwa pesa zake. Lalamiko lake halikuwa sahihi kuhusu dawa, lakini lilikuwa sahihi kuhusu ninyi.

Kwa hiyo gawanyeni mambo mawili. Kama dawa ilistahili, hilo linaamuliwa kwa miongozo na kukagua faili. Kama mtu alielezwa, alisikilizwa, alifichiwa siri yake na alitozwa kihalali, shahidi mkuu ni yeye.

Wafanyakazi wanaogopa kwamba maoni yatatumiwa kuwafukuza.

Wana sababu ya kuogopa, kwa sababu kuna mahali hutumiwa hivyo. Na nesi akiogopa, atajua jinsi ya kuwachagulia wagonjwa wa kuhojiwa. Kubalianeni mapema, kwa maandishi: maoni ya kawaida hayataji majina kwenye mkutano, na hayaingii kwenye faili ya mtu.

Someni lalamiko pamoja na mazingira yake. "Nesi ana kiburi" likirudiwa kila Jumatatu na kukosekana Alhamisi, huenda Jumatatu nesi huyo yuko peke yake na chanjo, vidonda na kliniki ya wajawazito. Ratiba ndiyo inayohitaji kusemwa. Vivyo hivyo SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali: tangu ilipochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, karani wa mapokezi hubeba matusi ya mtandao usiofunguka. Hilo hakulileta yeye. Lakini mgonjwa akikaa saa tatu bila kuambiwa kinachoendelea, kumwambia kila nusu saa ni kazi ya kituo.

Na sifa pia zifike. Mgonjwa akimtaja aliyemshika mkono usiku wa uchungu, hilo lisomeni kwa jina na kwa sauti.

Tukipata lalamiko zito?

Hongo, kushikwashikwa, kipigo chumba cha kujifungulia, dawa isiyo sahihi: hayo hayangoji mkutano wa mwisho wa mwezi. Anayehoji awe anajua tangu mwanzo nani wa kumpigia siku hiyohiyo, na huyo asiwe mtu anayeweza kulalamikiwa. Mwambieni mgonjwa wazi kwamba anaweza pia kwenda nje yenu: Baraza la Madaktari, Baraza la Wauguzi, Baraza la Maafisa wa Kliniki, EACC, yaani tume ya kupambana na ufisadi, kwa hongo, au Ombudsman, anayepokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kwa kituo cha serikali. Madhara ya dawa yapelekwe Bodi ya Famasia na Sumu. Msimwombe "tuyamalize hapa".

Tuwape soda au punguzo wanaojibu?

Maji ya kunywa na kiti, sawa. Punguzo la bei, hapana. Aliyepewa punguzo atalipa kwa sifa.

Mtu ametuandika vibaya kwenye Google. Tumjibu vipi?

Kwa kifupi na kwa heshima, bila kuthibitisha kwamba aliwahi kutibiwa kwenu. "Alikuja akiwa amelewa" ni kutoa siri ya mgonjwa hadharani, hata ikiwa kweli. Andikeni kwamba mnapokea malalamiko, na mtoe nambari ya msimamizi. Msiwaombe wafanyakazi waandike sifa za kufunika.

Tumesikia. Sasa tufanye nini nayo?

Chagueni jambo moja linaloweza kubadilika ndani ya mwezi. Si matano. Kuna kituo ambacho wagonjwa kadhaa, kila mmoja kwa njia yake, waliongelea dirisha la dawa. Hawakulalamika kuhusu dawa. Mhudumu alikuwa akiita kwa sauti, "Wale wa CCC pangeni huku!" yaani wa kliniki ya HIV, na ukumbi mzima ukageuka kutazama. Wengine walikuwa wameanza kupanda matatu hadi mji mwingine kuchukua dawa zao za HIV. Marekebisho yalikuwa foleni moja kwa wote, nambari badala ya majina, na dawa kutolewa kwenye mfuko usioonyesha ndani. Hakukuhitajika bajeti.

Kisha bandikeni ubaoni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mtaa: "Mlisema hivi. Tumefanya hivi." Yasiyowezekana nayo yaandikwe pamoja na sababu: "Mliomba X-ray. Hatuna uwezo mwaka huu. Tutawaelekeza bila malipo pa kwenda." Mgonjwa atakaporudi kama tulivyosema atarudi, atasoma akiwa kwenye foleni, na safari hiyo ataongea zaidi. Rudieni kuhoji baada ya miezi mitatu kwa maswali yaleyale, muone kama dirisha la dawa bado linatajwa.